Injini nyingine kwenye gari langu la gesi

Gari langu ni saluni la zamani la lita 2, silinda nne, gia tano za mkono, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Nililipata likiwa limeshafungwa mfumo wa gesi ya LPG, gesi inayokaa mtungini ikiwa kimiminika, na mtungi wa duara umekaa palepale lilipokuwa tairi la akiba. Likaja kipindi likaanza kumisi asubuhi, silinda moja haiwaki sawasawa. Likipata moto linatulia, lakini mlimani nguvu hakuna, uweke petroli au uweke gesi. Kila niliyemweleza alinipa jibu moja: gesi imeua injini, toa mtungi, rudi kwenye petroli.

Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Gesi yenyewe haiui injini. Injini inauawa na tapeti zisizopimwa, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya mkia wa kila valvu, na gesi iliyosetiwa ovyo, na ukifunga injini nyingine bila kuyagusa hayo mawili, nayo itaifuata ya kwanza. Ndiyo maana naandika kazi yote kwa urefu huu. Maelezo mengi ya kubadilisha injini yanaishia kwenye boliti na winchi, mambo ya gesi yanaachwa njiani.

Kwanza nilitaka kujua ya zamani imekufaje. Injini ikiwa ya moto nilitoa plagi zote nne, nikazima moto na petroli, nikakanyaga mafuta mpaka chini, nikapima kompresheni, yaani presha ya kila silinda. Silinda tatu zilisoma kati ya bar 11 na 12. Silinda namba tatu ilisoma 5. Nikaitia oili kidogo kwenye tundu la plagi nikapima tena. Kama ni ringi zimekwisha, oili ingeziba na geji ingepanda. Haikupanda. Nikaweka pistoni ya tatu juu kabisa, nikaingiza upepo wa kompresa, nikaenda kusikiliza nyuma kwenye bomba la moshi. Upepo ulikuwa unatoka huko kwa sauti. Valvu ya ekzosti, ile inayotoa moshi, haifungi.

Nilipofungua kava ya valvu, kitabu cha gari kinataka tapeti za ekzosti ziwe kati ya milimita 0.30 na 0.40. Kwenye silinda ya tatu, filageji (kile kibamba cha kupimia nafasi) nyembamba kuliko zote niliyonayo haikuingia. Nafasi ilikuwa sifuri. Zile nyingine nazo zilikuwa zimebana, moja 0.10, moja 0.15. Hapo ndipo pa kuelewa, kwa sababu watu wamezoea kwamba injini ikichakaa tapeti hulegea na kupiga kelele. Kwenye gari la gesi mambo huenda kinyume. Siti ya valvu, ule mduara wa chuma inapokaa ikifunga, inaliwa, valvu inazama ndani ya hedi, sehemu ya juu ya injini, mkia wake unapanda juu, nafasi inakwisha. Injini inazidi kuwa kimya kadiri inavyoumia. Ukimya huo watu wanausifu.

Valvu ya ekzosti inapoteza joto lake zaidi pale inapokaa kwenye siti. Kila mzunguko ina muda mfupi tu wa kukaa na kupoa. Nafasi ya tapeti ikiisha, haikai sawasawa, haipoi, na moto unaanza kupita pembeni mpaka unakata ukingo wake. Zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi, na mabaki ya risasi yalitandaza utando juu ya siti ukazuia chuma kushikana na chuma. Risasi ilishaondolewa, nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwenye petroli ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Gesi haikuwahi kuwa nayo. Inaingia kavu, haina matone ya kupooza njiani, inaungua safi bila kuacha kitu. Usafi huo ndio unaofanya oili ya gari la gesi ikae na rangi nzuri muda mrefu, na ndio huohuo unaoiacha siti bila kinga. Ongeza hapo mchanganyiko wenye hewa nyingi na gesi kidogo, joto linapanda zaidi.

Ningeweza kutengeneza hedi peke yake. Lakini chini nako kulikuwa kumechoka: injini ikishika moto taa ya oili ilipepesa kila ninapoachia mafuta, na kulikuwa na mlio mzito kutoka kwenye krenki, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni. Kuweka hedi nzima juu ya beringi za namna ile ni kupoteza kazi. Nikaamua kutafuta injini iliyotumika ya aina ileile.

Niliyoipata ilitoka kwenye gari la otomatiki. Wengi huikataa injini ya namna hiyo kwa gari la gia za mkono. Mimi sikuona sababu, mradi namba ya aina ni ileile na unajua cha kuhamisha. Niliichunguza kabla ya kukubali. Nilifungua kifuniko cha oili nikamulika kemshafti, shafti inayofungua valvu, kwa tochi, chuma kilikuwa kisafi bila tope jeusi. Plagi zote zilikuwa na rangi moja. Nikaizungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili nikisikiliza kama inakwama mahali. Nikapima kompresheni kwa stata na betri nzuri, zote nne zikakaribiana. Usawa wa silinda naupa uzito kuliko ukubwa wa namba, kwa sababu geji mbili husoma tofauti lakini geji moja hailinganishi vibaya silinda nne.

Ubishi ulianza kwenye hedi. Fundi niliyefanya naye kazi ni mtu mzima aliyefunga injini nyingi kuliko nitakazoziona maishani, na alisimama pale na spana mkononi.

"Kaka, injini iliyofungwa kiwandani usiifungue. Ukishaifungua, siyo ile tena."

"Fundi, hii ilifungwa kwa ajili ya petroli. Mimi naipeleka kwenye gesi."

Hakujibu. Nikamwomba tushushe kwanza hedi ya injini ya zamani tuitazame pamoja. Tulipoigeuza juu ya meza, valvu ya ekzosti ya tatu ilikuwa na pengo ukingoni, kipande chembamba kimeliwa kama keki iliyokatwa kwa kisu. Ila fundi hakuishia kwenye pengo. Alipitisha kidole kwenye siti zile nyingine tatu, zile ambazo kompresheni ilisema ni nzima. Kila moja ilikuwa na ngazi. Valvu zimezama, na kuzunguka kila siti kumebaki ukingo mkali wa hedi. Alirudia mara mbili, akafuta kidole kwenye ovaroli, akasema, "Basi tufungue na hii."

Hedi ya injini niliyoinunua ilikwenda kwa watu wa mashine. Siti nne za ekzosti zilitolewa zikawekwa za chuma kigumu zaidi. Hedi ni ya aluminiamu, kwa hiyo inapashwa moto itanuke kidogo ndipo siti igongwe ndani, ikipoa inaibana. Kisha zikachongwa nyuzi 45 pale valvu inapokaa, na valvu zikasagwa juu yake mpaka mstari wa kijivu ukaonekana umezunguka wote bila kukatika. Mpira wa kila valvu ulibadilishwa. Kwenye injini hii tapeti zinarekebishwa kwa shimu, vile vipande vya duara vya unene tofauti, hivyo baada ya kuchonga ilibidi kupima upya valvu zote na kutafuta shimu zinazofaa. Ekzosti nilizipa 0.40, upande wa juu wa kipimo, kwa makusudi. Najua zitaelekea chini, basi zianzie juu.

Kuna dawa zinazouzwa kwenye kichupa, zinadondoka taratibu kwenye manifoldi ya hewa kwa ajili ya kulinda siti. Sizikatai moja kwa moja. Ninachoona ni kwamba zinaingia sehemu moja halafu zinategemea hewa izigawe, na hewa haigawi sawa kwa silinda zote. Siti ngumu iko pale kila sekunde, kichupa kiwe kimejaa au kimeisha.

Injini ikiwa bado nje tulibadilisha mkanda wa taiming na tenshena yake, wota pampu, oili sili za mbele na nyuma. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Kazi ambayo ni rahisi injini ikiwa juu ya stendi inakuwa adhabu ikishaingia ndani ya gari.

Nirudi nyuma kidogo: kabla ya kuigusa injini ya zamani tulishughulikia gesi. Nilifunga valvu ya mtungi, nikawasha injini kwenye gesi ikaungua mpaka ikazima yenyewe, ili bomba la mbele libaki tupu. Kazi yote ilifanyika nje, chini pakiwa wazi, mbali na shimo la gereji. LPG ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kwenda zake. Inashuka, inajaa shimoni na kungoja cheche. Ile harufu kali imetiwa makusudi ili pua ikuambie mapema, kwa hiyo ukiisikia, acha kila kitu. Fundi wa gesi mwenye kibali ndiye aliyefungua na kufunga upande wenye presha. Bomba la shaba halitaki kukunjwa na kukunjuliwa, linakuwa gumu na kupasuka, na ile ringi ndogo inayobanwa kwenye nati haitumiki mara ya pili. Siku hiyohiyo tukatazama na alama za mtungi: muhuri wa 67R-01, alama ya kanuni ya kimataifa ya vifaa vya LPG, na tarehe ya kutengenezwa. Mtungi una umri wake, na umri huo hauhusiani na injini.

Sasa upande wa gia za mkono. Injini ya otomatiki nyuma ya krenki ina pleti nyembamba ya chuma, haina flaiwili, lile gurudumu zito linaloshikwa na klachi. Tuliitoa, tukahamisha flaiwili ya zamani baada ya kuisawazisha uso, kwa sababu ilikuwa na madoa ya bluu ya joto. Boliti hazihamishiki kutoka pleti kwenda flaiwili: zile za otomatiki ni fupi, flaiwili ni nene, na meno machache yaliyoshika hayatabeba kazi. Tuliweka mpya za urefu unaotakiwa. Halafu kuna beringi ndogo katikati ya krenki, inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Kwenye otomatiki haipo, tundu tu liko tupu. Ukiisahau gari litawaka na litatembea, lakini shafti itacheza, klachi haitaachia vizuri, na beringi ya mbele ya gia boksi itakwisha. Ilibidi kuigonga ndani taratibu kwa bomba linalogusa ukingo wa nje peke yake. Klachi ikawa mpya yote: pleti, presha pleti na beringi ya kuachia.

Kukutanisha injini na gia boksi ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote katika kazi hii. Gia boksi ilibaki chini ya gari, imeinuliwa kwa jeki. Injini inaning'inia kwenye winchi, inashuka kwa kuinamia nyuma. Pleti ya klachi imeshalengeshwa katikati kwa kijiti chake, meno ya shafti yamepakwa grisi nyembamba tu, maana ikizidi inarukia kwenye pleti. Unasogeza, inagusa, inakataa. Hapo mikono inawasha kutaka kuweka boliti ndefu na kuvuta kwa spana. Fundi alizificha boliti mfukoni. Tuliingiza gia ya nne, mmoja akazungusha krenki kwa spana mbele, robo ya mzunguko, taratibu, mwingine akainua jeki kidogo sana huku akitazama kama mwanya kati ya vyuma viwili uko sawa juu na chini. Mwanya ukiwa sawa pande zote, meno yakikutana, injini inateleza yenyewe na kugota kwenye pini zake kwa mlio mmoja mzito. Ukivuta kwa boliti kabla ya hapo unapinda pleti ya klachi au unavunja sikio la gia boksi, na injini hairuhusiwi hata dakika moja kuning'inia kwenye shafti. Boliti zilitoka mfukoni baada ya mlio ule.

Manifoldi ya hewa tulihamisha ile ya zamani, kwa sababu ndiyo iliyotobolewa na kuwekwa nozeli nne za gesi karibu na valvu. Ilisafishwa, gasketi mpya, na nozeli zikakaguliwa moja moja. Mipira kutoka injekta za gesi hadi nozeli ilikatwa upya kwa urefu sawa, maana ya zamani ilikuwa migumu na mmoja ulikuwa na ufa usioonekana mpaka uukunje. Sina shaka ufa ule ulikuwa na mkono wake kwenye silinda ya tatu, kwa sababu mpira ulikuwa wa hiyohiyo.

Nyaya nazo zinataka utulivu. Kompyuta ya gesi imekaa katikati ya nyaya za injekta za petroli. Inasoma amri ya petroli, inaizuia, halafu inafungua injekta ya gesi. Waya wa silinda ya kwanza ya petroli lazima uende na injekta ya gesi ya silinda ya kwanza, vivyo hivyo hadi ya nne. Ukizichanganya nyaya gari linawaka na linaweza kusimama vizuri tu bila kukanyaga, ila ukikanyaga ghafla linasita. Nilizifunga karatasi zenye namba kabla ya kuchomoa hata moja.

Kulanti, maji ya kupoza injini, nayo ina jambo lake kwenye gesi. Rejuleta inapokea gesi ikiwa bado kimiminika kutoka mtungini na kuigeuza mvuke, na kugeuka huko kunanyonya joto jingi. Propani inachemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe. Joto la kuifanyia kazi hiyo linatoka kwenye maji ya injini yanayozunguka ndani ya rejuleta. Upepo ukibaki kwenye hosi zake, rejuleta inaganda, inaota barafu nje, na gesi isiyochemka inapita. Yetu ilikuwa juu mno, karibu sawa na kifuniko cha rejeta, mahali upepo unapopenda kukaa. Tuliishusha, tukajaza taratibu hita ikiwa imefunguliwa yote, tukaendelea kutoa upepo mpaka hosi zote mbili za rejuleta zikawa za moto mkononi. Moja ikiwa moto na nyingine baridi, bado hujamaliza. Ndani tulibadilisha diafram, utando wake wa mpira, maana ile ya zamani ilikuwa imekakamaa.

Kuwasha mara ya kwanza ni kwa petroli. Plagi nje, fyuzi ya pampu nje, tukapiga stata kwa vipindi mpaka taa ya oili ikazima. Kisha plagi zikarudi na mwanya wa 0.7, mdogo kidogo kuliko wa petroli, kwa sababu gesi inahitaji umeme mkubwa zaidi kuwaka na mwanya mpana unazitesa koili. Iliwaka. Valvu hazikuwa na kelele, wala hazikuwa kimya kupita kiasi. Kulikuwa na ule mlio mwepesi wa tapeti zenye nafasi. Nikaitembeza kwa petroli tu mpaka nikaridhika haivuji popote na haipandishi joto.

Gesi ilisubiri, na hapa nawasihi wenye magari ya namna hii: msirudishe seti za zamani za kompyuta ya gesi kwenye injini nyingine. Futeni ramani yote, zile namba za kiasi cha gesi, muanze upya. Njia tuliyotumia ni kusoma kwenye kompyuta muda ambao injekta za petroli zinafunguka, ambao kwa injini yangu ikiwa imetulia na moto ni milisekunde 3 na kidogo, kisha kuhamia gesi kwenye mwendo uleule na mzigo uleule. Muda ukirefuka, kompyuta ya petroli inajaribu kuongeza, maana yake gesi ni kidogo. Ukifupika, gesi imezidi. Unarekebisha mpaka namba isisogee ukibonyeza swichi. Usiishie kwenye injini iliyotulia. Valvu haiungui gari likiwa limesimama getini. Inaungua kwenye mlima mrefu, gia ya nne, mguu umezama. Tulikwenda kuutafuta mlima huo, mmoja akiendesha na mwingine akisoma skrini, na ndipo tulipokuta gesi inapungua pale mzigo unapozidi. Chujio la gesi lilikuwa limeziba nusu. Bila mlima tusingelijua.

Maungio yote ya gesi yalipakwa maji ya sabuni na kutazamwa kwa mwanga mzuri. Hakuna povu. Namba ya injini nayo ilipelekwa ikabadilishwe kwenye kadi ya gari kabla sijaanza kulitumia kila siku.

Tangu hapo nimefungua tena kava ya valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, ekzosti tatu zilisoma 0.40 kama nilivyoziacha, moja 0.38, na siyo ya tatu. Nimeandika namba zote kwenye daftari pamoja na kilomita za siku ile, na nitapima tena kila ninapobadilisha plagi hata kama gari halilalamiki. Kwenye tanki la petroli sishuki chini ya robo, kwa sababu gari linaanza kwa petroli kila asubuhi hadi maji yafike nyuzi 40 ndipo lihamie gesi, na pampu ya petroli inapozwa na petroli yenyewe.

Kilichobaki ni gia boksi. Gia ya tatu inavuma kidogo ukiachia mafuta, mlio ambao zamani ulikuwa umefunikwa na kelele za krenki. Oili yake nimebadilisha, vipande vya chuma sikuviona, kwa hiyo naisikiliza tu kwa sasa huku nikitafuta beringi zake.